Plastiki iliyomo kwenye fizi: historia ya protini inayojenga jino

Kama umekulia Kanda ya Ziwa, "meno ya plastiki" si neno la kukueleza. Umelisikia kwenye foleni ya kliniki, umelisikia sokoni Magu, au umelisikia nyumbani siku mtoto alipoharisha kwa siku tatu, bibi akamfungua mdomo, akapitisha kidole juu ya fizi na kusema, "Huyu ana plastiki."

Kama hujakulia huku, nikueleze kwa kifupi. Wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto ana miezi minne, sita, pengine mwaka na kidogo. Ana homa, anaharisha, anatapika, ziwa analikataa. Fizi zimetuna kidogo pale ambapo chonge zitakuja kuota. Inaaminika kwamba chini ya ule uvimbe kuna jino lisilo jino, kitu cha plastiki, na kisipotolewa mtoto atakufa. Basi anapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji. Huyo anapasua fizi kwa wembe, kwa msumari ulionolewa au kwa spoku ya baiskeli, anachokonoa, na mwisho anatoa kitu kidogo cheupe, laini, kinachobonyea. Anamwonyesha mama: unaona?

Na mama anaona. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu maandishi mengi ya afya yanaparuka hapa. Yanasema "ni imani potofu", yanaonya, yanaendelea. Lakini kile kitu kipo kweli. Ni cheupe, ni laini, hakifanani na jino lolote ambalo yule mama amewahi kuliona. Macho yake hayakumdanganya. Kwa hiyo swali la haki ni hili: alichoonyeshwa ni nini hasa?

Ni jino. Chonge halisi la utotoni, limechokonolewa miezi mingi kabla ya siku yake ya kuota. Na sehemu kubwa ya ulaini wake inatokana na protini moja inayoitwa amelojenini. Ukiijua historia ya protini hiyo, utaielewa "plastiki" ya Magu, utayaelewa meno ya kahawia ambayo watu hutaniana nayo, na utaielewa pia dawa moja ya fizi inayouzwa kwa bei kubwa Ulaya. Twende taratibu.

Ukiwahi kupita kwenye nyumba ya ghorofa inayojengwa, umeona mbao na mirunda iliyoshikilia zege bichi. Bila mbao zile zege lingemwagika tu chini. Lakini hakuna anayehamia kwenye nyumba ambayo mirunda bado imesimama sebuleni. Zege likishika, mbao zinabomolewa na kuondolewa. Enameli, yaani lile ganda jeupe la nje la jino, inajengwa hivyo hivyo. Seli maalumu hujipanga mstari na kuanza kumwaga protini. Karibu asilimia 90 ya protini hiyo ni amelojenini. Molekuli zake hujikusanya kama vidonge vidogo mno, na katikati yake fuwele za kalisiamu na fosfeti zinaanza kurefuka, nyembamba kama nyuzi, zimepangwa kwa utaratibu. Wakati huu enameli ina maji mengi na protini nyingi. Ukiigusa kwa ukucha inaacha alama. Fikiria maziwa mgando yaliyochujwa maji yake, ndivyo ilivyo.

Kisha inakuja kazi ya kubomoa. Seli zile zile zinatoa vimeng'enya viwili. Cha kwanza, MMP20, kinaanza kuikata amelojenini vipande tangu mapema. Cha pili, KLK4, kinakuja baadaye na kumalizia. Vipande vinanyonywa na kuondolewa, nafasi iliyobaki inachukuliwa na madini, fuwele zinanenepa mpaka zinakaribia kugusana. Mwisho wake enameli inakuwa na madini yapata asilimia 96 ya uzito wake. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wako wote, hata mfupa wa paja haukifikii.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloumiza. Jino likiota, seli zilizojenga enameli zinakufa. Mfupa ukivunjika unaunga kwa sababu mafundi wake bado wapo. Enameli haina fundi aliyebaki. Ilivyomalizika ndivyo itakavyokaa, na kosa lolote lililotokea wakati wa ujenzi unatembea nalo mdomoni mpaka uzeeni.

Sasa angalia kalenda. Enameli ya chonge la utotoni huanza kujengwa mama akiwa na mimba ya miezi kama mitano. Inakamilika mtoto akiwa na miezi tisa hivi. Jino lenyewe linaota kati ya mwezi wa 16 na wa 23. Kwa hiyo mtoto wa miezi sita ana chonge nne zilizojificha ndani ya fizi, ncha zimeanza kukomaa, sehemu ya chini bado ni mbao na mirunda mitupu. Ukimchokonoa siku hiyo, utatoa kitu cheupe na laini. Kwa mtoto yeyote, mgonjwa au mzima, wa Magu au wa Oslo.

Jina "plastiki", ukilifikiria, linatupa tarehe. Haliwezi kuwa la kale, maana plastiki yenyewe si ya kale. Nyavu za nailoni zilianza kuchukua nafasi ya nyavu za pamba ziwani humu kuanzia miaka ya 1950, zikafuatwa na ndoo, beseni na kandambili. Ilibidi kwanza watu waishi na kitu cheupe, chepesi, kinachopinda, ambacho si mti wala chuma wala mfupa, ndipo waweze kukiona mdomoni mwa mtoto. Lakini tendo lenyewe ni la zamani kuliko jina. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, aliandika kuhusu watoto wa Uganda walioondolewa chonge wakiwa wachanga, na kasoro zilizobaki kwenye meno yao. Waganda wana neno lao, ebinyo. Desturi za namna hii zimeandikwa pia Kenya, Ethiopia, Somalia na Sudan, na madaktari wa meno huko Ulaya wamezikuta kwa watoto wa wahamiaji. Kwetu Tanzania habari za plastiki na nailoni zilienea hasa miaka ya 1980. Watafiti wetu Hiza na Kikwilu walichapisha mwaka 1992 habari za kijiji kimoja cha mbali ambako watoto walikutwa na mapengo ya aina hii, na mwaka 1997 wakarudi na utafiti mpana zaidi juu ya uchokonoaji na upakaji wa dawa za mitishamba kwenye fizi.

Kwa nini imani hii haifi, hata pale penye zahanati? Nadhani ni kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Miezi sita ni umri mbaya. Kinga ambayo mtoto alipewa na mama yake tumboni inapungua. Ndio anaanza uji, na uji una kikombe, na kikombe kina maji. Ndio anaanza kukaa, kutambaa, kuokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kuharisha kunaanza hapo, na malaria nayo haikai mbali. Katika umri huo huo meno yanasukuma fizi kutoka ndani na kuzitunisha. Mambo mawili yamekutana njiani, watu wakasema moja limemzaa mwenzake. Na kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku chache. Akichokonolewa leo, kesho kutwa akapona, sifa zinakwenda kwa spoku. Asipopona, watasema aliletwa amechelewa. Hesabu ya namna hii haiwezi kushindwa kamwe, na wala haihitaji mtu mjinga ili imnase. Madaktari wa Ulaya walitoa wagonjwa damu kwa karne nyingi kwa hesabu hii hii.

Ila gharama yake ipo. Mtoto ambaye tayari ameishiwa maji mwilini anapoteza damu. Spoku haijachemshwa, inaingiza vijidudu, wakati mwingine pepopunda. Chombo kinachotoka mdomo hadi mdomo kinaweza kubeba pia virusi vya UKIMWI, na hili kwa wilaya ya Magu si nadharia ya mbali: Kisesa, humo humo wilayani, taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, imekuwa ikiwafuatilia wakazi tangu mwaka 1994 ili kujua virusi hivyo vinavyosambaa. Na wakati mtoto yuko kwa fundi, hayuko kwenye zahanati anakoweza kupewa ORS na vidonge vya zinki, vitu viwili ambavyo ndivyo hasa vinavyookoa maisha ya mtoto anayeharisha.

Kwa muda mrefu hata maabara hazikujua kile kitu laini ni nini. Wataalamu wengi walidhani protini ya enameli ni keratini, ndugu wa ile iliyomo kwenye kucha na nywele. Ilionekana kuwa na mantiki, kwa sababu seli zinazojenga enameli zina asili moja na ngozi. Mwaka 1960 mkemia Mwingereza, John Eastoe, alichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa enameli changa, akiwa ametumia meno ya utotoni ya binadamu yaliyokuwa bado yanakua. Hesabu ya asidi amino haikulingana na keratini hata kidogo. Prolini ilikuwa nyingi mno. Hii ilikuwa protini ya aina yake, na katika miaka hiyo hiyo ikapata jina la amelojenini. Mwaka 1983 kundi la Malcolm Snead huko Marekani likaikamata jeni yake kutoka kwa panya. Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kwa binadamu jeni hiyo ipo mara mbili, moja kwenye kromosomu X na nyingine kwenye Y, na hazilingani urefu. Ndiyo maana leo, mwili usiotambulika au tone la damu likifika kwenye maabara ya vinasaba, jinsia hujulikana kwa kupima jeni ya jino. Na mwaka 1991 ikathibitishwa kwamba familia moja yenye ugonjwa wa kurithi, ambao enameli yake inatoka nyembamba au laini, ilikuwa na pengo kwenye jeni hiyo hiyo ya X.

Na kile kiasi kidogo sana cha protini kinachobaki ndani ya enameli iliyokomaa, kimefungiwa katikati ya fuwele kama sisimizi kwenye utomvu, kinadumu kuliko DNA. Mwaka 2025 watafiti waliofanya kazi kwenye bonde la Turkana, Kenya, walieleza katika Nature kwamba wamesoma vipande vya protini za enameli kutoka kwenye meno ya wanyama wakubwa walioishi hadi miaka milioni 18 iliyopita. Umri huo ni sawa na wa mabaki ya kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa ziwa letu hili, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul, meno yake yakiwa bado mahali pake. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya hilo. Tuendelee.

Mpaka hapa tumeongelea protini iliyotolewa kabla ya wakati. Sasa tuongelee protini inayokataa kuondoka.

Unajua utani wake: mtu akicheka na meno yakaonekana ya kahawia, anaulizwa kama katokea Arusha. Wapo wanaoamini ni uchafu, mtu hapigi mswaki. Wapo wanaosugua kwa mchanga au mkaa, na hawapati kitu zaidi ya fizi zinazotoka damu. Historia ya kulijua jambo hili ilianzia mbali. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs huko Marekani na kukuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Alihangaika nalo miaka 30. Aligundua mapema kwamba wanaopata ni wale waliokulia pale tangu utotoni, wahamiaji watu wazima hawapati, na akahisi kwamba kuna kitu kwenye maji. Lakini kila alipoyapima maji hakuona kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta kinachotakiwa. Mwaka 1931 H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA, akakipata: floraidi. Mwaka huo huo watafiti wa Arizona na wengine wa Afrika Kaskazini walifikia jibu lile lile kwa njia zao.

Kwetu, P. Grech na Michael Latham walichapisha mwaka 1964 taarifa ya madhara ya floraidi kaskazini mwa Tanganyika, kwenye meno na kwenye mifupa. Latham alikuwa mzaliwa wa Kilosa, akafanya udaktari nchini humu na kusimamia kitengo cha lishe kabla ya kwenda kufundisha Marekani. Kisha miaka ya 1970 wakaja Wadenmark wawili, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov. Hawa walifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Waliyaangalia meno ya watoto wa Tanzania waliokunywa maji yenye floraidi nyingi, kisha wakaangalia kwa darubini ndani ya meno yaliyong'olewa kuona ule weupe na ukahawia unatokana na nini. Mwaka 1978 walitoa kipimo chenye ngazi kutoka 0 hadi 9, na mpaka leo madaktari wa meno duniani wanakitumia. Wanafunzi wa udaktari wa meno huko Brazil au India wanajifunza kusoma ugonjwa huu kwa kipimo kilichotokana na vinywa vya watoto wetu. Sijui kwa nini hatujivunii, au angalau kwa nini hatulisemi darasani.

Walichokiona ni hiki: jino la floraidi linaota likiwa jeupe. Jeupe kupita kiasi, kama chaki. Chini ya tabaka la juu kabisa enameli imejaa vijitundu, haikujaa madini. Ukahawia unaingia baadaye, kutoka kwenye chakula na vinywaji, na yale mashimo makubwa ni enameli dhaifu iliyomeguka baada ya jino kuota. Kwa hiyo mtoto hakuzaliwa na jino chafu, wala hakulichafua. Aliota jino ambalo ujenzi wake haukumalizika.

Na kwa nini haukumalizika? Mwaka 1986 Pamela DenBesten alionyesha kwa panya kwamba wakinyweshwa floraidi, protini za enameli zinachelewa kuondoka. Mirunda inabaki ndani ya nyumba. Wanasayansi bado wanabishana juu ya namna hasa floraidi inavyofanya hivyo: wengine wanasema inapunguza kazi ya vimeng'enya, wengine wanataja mabadiliko ya asidi pale fuwele zinapokua, wengine wanasema seli zenyewe zinaelemewa. Lakini matokeo yenyewe, protini iliyokawia na madini yaliyokosa nafasi, hayabishaniwi sana. Na meno ya kudumu ya mbele yanajengwa kuanzia mtoto akiwa na miezi mitatu au minne mpaka miaka minne au mitano. Tabasamu la mtu wa miaka 20 ni rekodi ya maji aliyopewa kabla hajajua kuomba maji.

Hapa inaingia serikali. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mtu apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1974 vikatolewa viwango vya muda vya ubora wa maji, na kwa floraidi kikaruhusiwa kiasi cha hadi miligramu 8 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Yaani zaidi ya mara tano. Ni rahisi kukasirika ukisoma hivyo leo, na mimi nusu nakasirika. Nusu nyingine inaelewa: kama ungeshikilia 1.5, ungefunga visima vingi mikoani, na mama angerudi kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Waliokaa mezani walichagua meno ya kahawia dhidi ya watoto kufa kwa kuharisha. Ninachokiona kigumu zaidi ni kwamba kiwango kilichoitwa "cha muda" kilikaa miongo kadhaa kabla ya kushushwa hadi 4, na ndipo baadaye kikafika 1.5.

Watu wa Magu kwenye jambo hili wana bahati na hawana. Maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo. Aliyekulia Ghuba ya Speke akinywa maji ya ziwani aliweza kuugua kichocho na mengine, lakini si meno. Ukienda bara, mbali na ufuko, watu wanategemea visima, na kisima kinachoingia kwenye miamba ya matale kinaweza kuwa na habari nyingine; Shinyanga, Mara na Singida ziko kwenye orodha ya mikoa yenye tatizo hili. Ndiyo maana bomba linaloyatoa maji ziwani na kuyapeleka ndani ya nchi ni habari ya meno pia, ingawa siku ya kuzindua hakuna kiongozi anayelitaja hilo.

Halafu kuna magadi. Yale ya kupikia, yanayouzwa kwa mafungu sokoni, unatia kwenye makande au maharage ili yaive haraka, au kwenye mboga za majani ziwe laini. Mwaka 1997 L. Mabelya na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha magadi yenye floraidi nyingi na meno ya kahawia, hata kwa watu ambao maji yao hayana shida. Magadi hayafanani: yanategemea yamechimbwa wapi, na muuzaji mara nyingi hajui. Kwa hiyo nyumba inaweza kunywa maji safi ya ziwa na bado ikampa mtoto floraidi kwenye sahani. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, loweka maharage usiku kucha na uyaache magadi. (Na usichanganye hili na dawa ya mswaki yenye floraidi: kiasi kidogo kinacholigusa jino lililokwisha kuota kinalilinda lisioze. Ila mtoto mdogo asiimeze.)

Nilitaja dawa ya Ulaya. Miaka ya 1970 ilionekana kwamba protini za enameli zinapatikana pia kwenye mzizi wa jino linalokua, mahali ambapo hakuna enameli. Zinafanya nini pale? Lars Hammarström wa Sweden alifikiri kwamba zinazipa seli ishara ya kujenga tabaka linalofunga jino na mfupa wake. Kama ni hivyo, mtu mzima ambaye fizi na mfupa vimeliwa na ugonjwa anaweza kupakwa protini zile kwenye mzizi, na seli zikadhani jino linaota upya. Ilifanya kazi, si kwa kila mtu na si kwa kila pengo, lakini kwa kiasi cha kutosha. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Biora ya Malmö ikaanza kuiuza kwa jina la Emdogain, na leo iko chini ya Straumann ya Uswisi. Karibu yote ni amelojenini. Inatolewa kwenye meno machanga ya nguruwe, yale ambayo bado yamo ndani ya taya, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla ya kupakwa.

Hebu fikiria njia inavyotengenezwa. Wanafungua taya la mnyama mchanga, wanatoa jino ambalo halijaota, wanakwangua ile enameli laini, nyeupe, inayobonyea. Ndicho kitu kile kile. Malmö kinasafishwa na kuwekwa kwenye bomba la sindano. Kwetu kinaonyeshwa kwa mama kwenye kiganja, kisha kinatupwa.

Narudi kwa mtoto wa miezi sita, maana hesabu yake haiishi siku jeraha linapopona. Nyuma ya chonge la utotoni, kwenye mfupa ule ule, chonge la kudumu linaanza kuwekewa madini ya kwanza mtoto akiwa na miezi minne au mitano. Ni punje tu, na spoku haiwezi kutofautisha. Wakati mwingine inaliondoa kabisa. Wakati mwingine inawajeruhi mafundi wake, na enameli inayofuata inajengwa kombo, na taji lake halikamiliki mpaka mtoto atimize miaka sita au saba. Hakuna atakayejua chochote. Mtoto atakua, ataanza shule, atang'oka meno ya mbele na kuota mengine kama wenzake. Chonge la kudumu huota kati ya miaka 9 na 12. Akiwa darasa la tano au la sita, upande mmoja litatoka jino zima, na upande wa pili litatoka kipande chenye makovu, au pengo. Akipelekwa kwa daktari wa meno, swali la kwanza litakuwa kama aliwahi kuanguka. Mama atasema hapana, hakuanguka. Bibi, kama bado yupo, ndiye anayeweza kukumbuka wiki ile ya kuharisha.